Kaseti Husema, Mwalimu Husikia



Mwaka 1961 ilitolewa Misri Qur'ani nzima katika santuri, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kurekodiwa kamili. Baadaye zikaja kaseti, na sauti za wasomaji wakubwa zikaingia hata katika vijiji vya pwani.

Hapa Kiswere, utotoni mwangu, tulikusanyika barazani baada ya Magharibi, kaseti ikasoma nasi tukafuatisha. Nikahifadhi sura fupi nyingi, nikajiona nimefika. Siku niliyosoma mbele ya mwalimu wangu alinisimamisha katika neno la kwanza. Badala ya "qul", yaani sema, nilitamka "kul", yaani kula! Kaseti ilikuwa imelisema sawasawa mara nyingi mno. Lakini ilikuwa na kinywa tu, haikuwa na sikio la kunisikia.

Leo mambo yamegeuka. Katika simu mtoto hugusa aya moja, ikasomwa peke yake na kurudiwa kadiri apendavyo. Tena ziko programu, kama Tarteel, ambazo humsikiliza msomaji na kumwonyesha neno aliloliruka. Chombo kilichokuwa kikisema tu, sasa kimeanza kusikia.

Nakiri kwamba mwanafunzi wangu mmoja alipokuja chuoni na simu ya mama yake, nilimkemea. Kisha nikamsikiliza. Ukurasa niliompa kwa wiki nzima alikuwa ameuhifadhi kwa siku tatu. Nikaona haya. Lakini 'ayn yake ilikuwa bado ni alif, na simu haikumwambia. Ilinibidi nimketishe mbele yangu, atazame koo na kinywa changu, nami nitazame chake.

Hiyo ndiyo njia tuliyoirithi. Jibrili (a.s.) alikuwa akidurusu Qur'ani na Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani, na katika mwaka wa kufariki kwake wakadurusu mara mbili. Kitabu hiki kilipokewa kwa kusoma na kusikilizwa.

Basi mzazi, usimnyang'anye mwanao simu. Mwache arudie nayo usiku. Asubuhi mlete chuoni. Na kila jioni muulize: "Leo ni nani aliyekusikiliza?"

Wabillahi tawfiki.