Hita Ipi Haili Stima?

Kila unapofika mwezi wa Juni, hapa kwetu Nyahururu swali huwa ni moja tu: hita ipi haili stima? Utalisikia sokoni, utalisikia kwenye matatu, na hata walimu wakiota jua nje ya chumba chao saa nne hulijadili. Wageni hushangaa sana, kwani mstari wa Ikweta unapita karibu kabisa na mji huu na wao walitarajia kutokwa na jasho. Wanasahau kwamba tuko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Mwezi wa Julai ndio usiseme.

Mwenyekiti wa chama chetu alitaka niandike “kipasha joto” badala ya hita. Nakubali ni Kiswahili kizuri. Lakini hebu nenda duka lolote la vifaa vya umeme uitishe kipasha joto, uone jinsi watakavyokutazama. Mimi nitasema hita, na stima nitaiita stima.

Sasa tujibu swali. Hita isiyokula stima haipo. Kazi ya hita ni kula stima na kuitapika ikiwa joto, na hita zote, ya bei ghali na ya bei rahisi, hugeuza karibu stima yote kuwa joto. Mwaka wa 1841 Mwingereza James Prescott Joule alichapisha kanuni tunayoisoma kidato cha tatu: mkondo wa umeme ukipita katika waya wenye ukinzani hutoa joto, na joto hilo hulingana na mraba wa mkondo. Ndani ya hita nyingi kuna waya wa nikromi, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka wa 1906. Waya huu huweza kuwa mwekundu kama kaa mara nyingi bila kuungua. Kwa hivyo muuza duka akikuambia kwamba hita yake ya wati 2000 hutoa joto maradufu ya hita nyingine ya wati 2000, mwambie asante, kisha uende zako.

Kama hita zote zatoa joto sawa kwa stima sawa, mbona basi tuchague? Tunachagua kwa sababu ya mambo mawili: joto hilo linakwenda wapi, na linakaa kwa muda gani. Hapo ndipo pesa hupotea au huokolewa.

Tuanze na hita ya miale, ile yenye vijiti vinavyowaka vyekundu au rangi ya machungwa. Kijiti kimoja mara nyingi huwa cha wati 400, na hita huwa na viwili au vitatu. Joto lake husafiri kama mwanga wa jua: hupita hewani bila kuipasha hewa yenyewe sana, kisha hukugonga wewe uliyeketi mbele. Ukiizima, baridi hukurudia papo hapo. Watu huidharau kwa sababu hiyo, lakini mimi naitetea. Nyumba nyingi za huku hazina dari. Ni kuta na mabati tu. Ukiipasha hewa katika nyumba kama hiyo, hewa moto hupanda juu moja kwa moja, hugusa mabati yaliyo baridi kama barafu, na wewe huku chini unaendelea kutetemeka huku stima yako ikiwapasha njiwa joto. Kwa nyumba ya mabati bila dari, na kwa mtu mmoja anayesoma mezani jioni, hita ya miale ya wati 800 inayomwelekea miguuni ni bora kuliko hita kubwa ya kupasha chumba. Ubaya wake ni moto. Blanketi, pazia, kanga au sare iliyoanikwa mbele yake huungua. Iweke umbali wa mita moja kutoka kwa kila kitu, na usilale ikiwaka.

Hita ya feni ni ile ndogo inayopuliza. Kwa kawaida ina hatua mbili, wati 1000 na wati 2000. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na chumba kidogo chenye dari hupata joto kwa dakika chache. Ila inapiga kelele, na ikikaa muda mrefu bila kutumiwa hujaa vumbi ambalo hunuka likiungua. Siku hizi kuna jamii yake iitwayo hita ya kauri. Ndani yake hamna waya wa nikromi bali vipande vya kauri ambavyo ukinzani wake huongezeka sana vinapopata moto. Kwa hivyo feni ikizibwa na nguo, kauri hupunguza stima yenyewe badala ya kuzidi kuwaka. Hilo ni jambo zuri, ingawa haina maana kwamba sasa uifunike kwa makusudi.

Kuna pia hita bapa isiyo na feni, ambayo hewa baridi huingilia chini na kutokea juu ikiwa moto. Haina makuu. Ni kimya, lakini kwa nyumba isiyo na dari shida yake ni ile ile ya njiwa.

Halafu iko hita ya mafuta, ile yenye mapezi kama radieta ya lori. Hii ndiyo ilileta mjadala mrefu nyumbani kwetu mwaka huu. Nyanya yangu analala chumba kimoja na mtoto mchanga wa dada yangu, na kwa miaka mingi amezoea kuingiza jiko la makaa chumbani jioni, kisha kufunga mlango na dirisha “ili joto lisitoroke”. Jambo hili lilininyima usingizi. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohoshi. Ikiingia mapafuni huishikilia hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, husikia usingizi, na akilala ndani ya hiyo hewa huenda asiamke. Makaa yaliyofifia bila moshi, ambayo watu hudhani yameiva na ni salama, bado yanaitoa. Hita ya stima haitoi gesi hii hata kidogo, wala haimalizi oksijeni ya chumba kama wengine wanavyosema, kwa sababu hakuna kinachoungua ndani yake.

Baba alikuwa amepiga moyo konde kununua hita ya feni kwa kuwa ndiyo rahisi. Nilimwomba tuketi na kalamu. Yuniti moja ya stima ni wati 1000 kwa saa moja. Ukitaka kujua bei ya yuniti yako, chukua risiti ya tokeni ugawanye pesa ulizolipa kwa idadi ya yuniti. Tuseme kwa mfano ni shilingi 30. Hita ya wati 2000 ikiwaka mfululizo saa sita itakula yuniti 12, yaani shilingi 360 kwa usiku mmoja! Baba alikuna kichwa. Lakini hita yenye thermostati hujizima chumba kikifika joto ulilochagua na kujiwasha kikipoa. Ikiwaka nusu tu ya muda huo, gharama yashuka hadi shilingi 180. Ukichukua ya wati 1000 inayowaka nusu ya muda, ni shilingi 90.

Hita ya mafuta ina thermostati, haipigi kelele ya kumwamsha mtoto, na hakuna mahali panapokuwa pekundu. Huchukua nusu saa au zaidi kabla hujaisikia, lakini ukiizima mafuta yake huendelea kuwa na joto kwa muda. Nyanya alikuwa na wasiwasi wake.

“Mjukuu wangu, hayo mafuta si yatamwagika yashike moto? Na yakiisha tutayanunua wapi?”

“La, nyanya,” nikamjibu. “Yamefungiwa ndani kabisa. Hayaungui wala hayaishi. Kazi yao ni kushika joto tu, kama vile maji ndani ya sufuria.”

“Haya. Lakini jiko langu msiliuze.”

Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya feni, kwa hivyo tulinunua ndogo ya mapezi saba, na baba akapigilia karatasi ngumu juu ya kitanda kama dari ya muda. Sijui kama mafundi wangempa alama, lakini joto lilibaki chini. Jiko sasa linapika ugali nje barazani. Hita yenyewe husimama wima kwenye sakafu tambarare, kwani ikilazwa ubavu waya wake waweza kukosa mafuta na kuungua. Haifunikwi na nepi za kukausha.

Iwapo pesa za hita hazipo, kuna chupa ya mpira ya maji moto. Tupige hesabu ya kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Fizikia afurahi: lita moja na nusu za maji kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 80 huhitaji 1.5 × 4200 × 65, yaani jouli 409,500. Yuniti moja ni jouli 3,600,000. Hiyo ni kama sehemu moja ya tisa ya yuniti, shilingi tatu na senti kadhaa, na miguu hulala moto hadi usiku wa manane. Usitie maji yanayochemka, na uifunge kwa taulo, hasa kwa mtoto au mzee ambaye ngozi yake ni laini.

Nimeacha jambo la nyaya hadi sasa kwa kuwa ndilo watu hulipuuza. Stima yetu ni ya volti 240. Hita ya wati 2000 huvuta ampea 8.3 hivi, na plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Ukichomeka hita mbili za namna hiyo kwenye waya mmoja wa kuongezea, ni karibu ampea 17. Na kumbuka ule mraba wa Joule: mkondo ukiwa maradufu, joto ndani ya waya huwa mara nne. Waya mwembamba wa bei ya mtumba, tena uliokunjwakunjwa chini ya zulia, huyeyuka kabla hujasikia harufu. Hita ichomekwe ukutani moja kwa moja, peke yake. Soketi ikiwa ya moto ukiigusa, au plagi ikiwa imebadilika rangi, mwite fundi wa stima.

Kuna mtindo mwingine hapa kwetu, wa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili ipate kuingia. Kwa chaja ya simu watu wamezoea, ijapokuwa ni vibaya vilevile. Kwa hita yenye mwili wa chuma ni hatari kubwa, maana ile pini ya tatu ndiyo hupeleka stima ardhini waya ukigusa chuma. Bila hiyo, wa kuipeleka ardhini ni wewe utakayeishika.

Mwisho ni kukatika kwa stima, jambo tusilolikosa msimu wa mvua. Hita za kitufe cha kuzungusha hazikumbuki kwamba stima ilipotea. Ikirudi saa nane usiku, nazo huwaka pale pale zilipoachwa, hata kama blanketi limeanguka juu yake. Stima ikikatika, kabla hujatafuta mshumaa, zima swichi ya ukutani.