Usukani Unapogonga Usiku

Nanga ikishatiwa na bahari ikatulia, mwenye chombo kikuukuu cha matanga huweza kusikia kishindo kidogo kutoka tezini: ko, kisha kimya, kisha ko tena. Ni usukani unaocheza ndani ya bushi zake. Wengi hukizoea kishindo hicho, wakaifunga kana kwa kamba wapate kulala. Kamba hunyamazisha sauti. Kilicholika hubaki kimelika.

Mababu zetu waliutundika usukani nje, kwenye fashini, kwa bawaba za chuma. Bawaba zikilika, kila apitaye pwani huziona maji yakitoka, na watu wawili huweza kuung'oa usukani na kumpelekea mhunzi. Mashua za faibaglasi, ambazo baadhi yake katika hori za Kilifi na Mtwapa zimekwisha kuzeeka, zina mpango mwingine. Shafti ya usukani hupenya chini ya chombo na kupanda ndani ya bomba hadi kwenye kana au gurudumu. Hushikwa na bushi mbili, moja chini inapoingilia, na nyingine juu. Ile ya chini ndiyo ibebayo mzigo mkubwa, na aghalabu ndiyo hutangulia kulika.

Tunalolihofia ni bomba. Shafti inayogonga kwa kila wimbi hulegeza mshikamano wa bomba na mwili wa chombo. Bomba likipasuka, maji huingia mahali ambapo nahodha hafiki kwa urahisi, tena katika saa ile ile ambayo chombo hakimtii. Familia inayovuka mlango wa mwamba wakati wa kusi haina nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Kukagua si kazi ngumu. Chombo hupandishwa kwenye chelezo, au huegemezwa pwani wakati wa bamvua, ambapo bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 3. Mtu mmoja aishike ncha ya chini ya usukani, autikise kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Mwenzake aweke kidole pale shafti inapoingia. Mchezo wa sentimita 1 nchani huenda ukawa milimita chache tu kwenye bushi, kwa hiyo ni vyema kupima kabla ya kutishika au kupuuza.

Kuuteremsha usukani ndiko kunakochosha. Shafti ni ndefu na chini ya chombo hakuna nafasi, basi huchimbwa shimo mchangani, na maji yanayojaa hayamngoji fundi. Usukani ukishatoka, shafti ichunguzwe kabla ya bushi. Chuma kisichoshika kutu husifika kwa jina lake, lakini kikifungiwa ndani ya maji ya chumvi yasiyozunguka, kikakosa hewa, huliwa kikaota vishimo. Bushi mpya juu ya shafti ya namna hiyo italika kama iliyopigwa tupa.

Kisha huja swali la bushi ikerezwe kwa kitu gani, na hapa tumeona fedha nyingi zikipotea. Nailoni ni rahisi kupatikana, nayo hukerezeka vizuri. Kasoro yake ni kwamba hunywa maji, hata takriban 8 kwa mia ya uzito wake, ikavimba. Bushi iliyoteleza vizuri mezani kwa mkereza huibana shafti baada ya majuma machache baharini, na usukani ukawa mzito kama uliokwama matopeni. Plastiki ya asetali hunywa chini ya 1 kwa mia au karibu na hapo. Gharama yake ya ziada twaiona ni halali. Shaba nyeusi nayo hufaa kwa shafti ya chuma, lakini isiwekwe kwenye shafti ya aluminiamu, kwani maji ya chumvi yataila aluminiamu hiyo. Vyovyote iwavyo, mkereza aambiwe aache nafasi ndogo ya maji kupita. Bushi iliyobana kabisa haifai.

Pale ambapo bushi haitoki, iko njia ya kuimwaga mahali pake. Shafti hupakwa nta ya kuzuia kunata, huwekwa katikati barabara, kisha nafasi iliyolika hujazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa grafiti. Katika joto la Pwani gundi hii huganda upesi, basi ichanganywe kidogo kidogo, asubuhi na kivulini. Nta ikisahauliwa mahali pamoja tu, usukani hautageuka tena.

Chombo kikisharudi majini, usukani ugeuzwe kutoka mwisho hadi mwisho, na uzito wake ukumbukwe mkononi. Baada ya juma moja ugeuzwe tena vivyo hivyo, kabla hakijatoka nje ya mwamba na watu ndani.