Ua kwa Mpiga Picha, Kiazi kwa Mchimbaji

"Mwalimu, mbona wanyofoa?"

Swali hilo liliniingia kama mwiba. Nilikuwa nimepiga magoti katika uwanda wa Kitulo, kusini-magharibi mwa Tanzania, kamera shingoni, wanafunzi wangu wakinitazama. Nyasi ndefu zilikuwa zimelikinga ua la okidi, nami, bila kufikiri, nikaanza kuzinyofoa ili ua lisimame peke yake kama bibi harusi jukwaani. Mwenyeji aliyetuongoza hakukasirika. Aliniuliza tu.

Uwanda huo, ulio kwenye kimo cha meta 2,600 hivi, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 2005, hasa kwa ajili ya maua yake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, huchanua humo aina zaidi ya arubaini za okidi ziotazo ardhini.

Mimi ni mwanaisimu, na ugonjwa wetu ni kuuliza majina. Neno "okidi" tulilikopa kwa Waingereza, lakini asili yake ni Kiyunani na, uniwie radhi msomaji, maana yake ni korodani. Wayunani walifukua mmea wakaona viazi viwili vilivyokaa pamoja, wakaupa jina. Nchini Zambia nako jina lililovuma ni chikanda, nalo ni la viazi na chakula chake: viazi husagwa, vikachanganywa na karanga na pilipili, vikapikwa hadi vikashikana. Watu hao wasiopata kuonana walianzia chini ya udongo. Ni sisi wenye kamera tulioanzia juu!

Chakula hicho ndicho kilichoiponza Kitulo. Viazi vilipoadimika Zambia, wafanyabiashara waligeukia nyanda za juu za Tanzania. Kati ya viazi hivyo viwili, kimoja ni cha zamani kinachonywea, na kingine ni kipya, akiba ya mvua ijayo. Mchimbaji hutaka kile kipya. Akishakichukua, mmea haurudi tena. Kupanda upya nako si rahisi, kwa maana mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti porini isipokutana na kuvu wa kuilisha.

Jioni, mwanafunzi mmoja alitaka kuwapelekea wenzake picha zake. Nilimkataza, maadamu simu aghalabu huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, na picha ya namna hiyo ni ramani kwa mchimbaji. Akanijibu kwa adabu, "Lakini Mwalimu, kisichojulikana nani atakitetea?" Nakiri kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Laiti watu wasingeliyaona maua ya Kitulo, yamkini hifadhi isingalikuwapo. Tukaafikiana kwamba ua litumwe, mahali pafutwe. Sina hakika kama mapatano hayo yanatosha, kwa kuwa mchimbaji mzoefu huutambua mmea kwa majani tu, hata usipochanua.

Picha yangu ilitoka vizuri mno, na wenzangu chuoni wameisifu. Anayeitazama kwa makini ataona, pembeni chini, kirundo cha nyasi nilizonyofoa.