Utando wa Maganda ya Kamba

Wengi wakisikia kwamba kiuavijasumu kimetiwa ndani ya utando ili kitoke polepole, hudhani kadiri kinavyochelewa ndivyo kinavyofaa. Sivyo. Kidonda kinahitaji dawa nyingi mapema, bakteria wasipate kujishikiza, kisha kiasi cha kuwazuia kwa siku chache, halafu ikome. Dawa hafifu inayojikokota majuma kadhaa huua walio dhaifu na kuwaachia uwanja wenye usugu.

Utando wa kaitosani ndio unaonivutia zaidi hapa. Maganda ya kamba huondolewa chokaa kwa asidi na protini kwa kostiki soda, ikabaki kaitini. Hiyo nayo hupikwa katika kostiki kali zaidi hadi iwe kaitosani, inayoyeyuka katika asidi hafifu ya siki. Ute wake ukichanganywa na kiuavijasumu kama gentamisini, ukamwagwa juu ya kioo na kukauka, hubanduka ukiwa utando mwembamba, angavu. Ukilowa huvimba, na dawa iliyokaa juujuu huchomoka saa za mwanzo. Iliyozama ndani husubiri njia, na mwili wenyewe husaidia kuifungua: majimaji ya kidonda yana lisozaimi, kimeng'enya alichokitambua Alexander Fleming katika kamasi kabla ya kuikuta penisilini. Lisozaimi hukata mnyororo wa kaitosani pale palipobaki vikundi vya asetili. Vikiachwa vingi, utando huliwa upesi. Vikiondolewa karibu vyote, hudumu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ratiba ya dawa hupangwa mapema, kwenye sufuria ya kostiki.

Anayetilia shaka faida ya kuweka dawa kidondoni kwa njia hii ana ushahidi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani la sifongo za kolajeni zenye gentamisini, kwa wagonjwa 602 wa upasuaji wa utumbo mpana: waliowekewa sifongo walipata maambukizi asilimia 30, wasiowekewa 21. Kolajeni ile huachia sehemu kubwa ya dawa mapema mno, lakini hilo halithibitishi kwamba kaitosani ingeshinda. Linatulazimu kudai majaribio kwa wagonjwa, tusiridhike na michoro mizuri ya maabara. Hata hivyo, kamba wanavuliwa Rufiji na Ghuba ya Ungwana, nasi maganda yao tunayahesabu uchafu wa kunuka tu, na huo ni uzembe. Kaitosani inatumika au inajaribiwa kwenye bandeji za kusimamisha damu, majeraha ya moto, fizi, mifupa, hata kusafisha maji.