Fahamu: Mkongo ukikatika baharini, simu yako inakwama vipi?

Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na Uganda. Minara ya simu ilikuwa mizima. Iliyokatika ni mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom.

Wataalamu huugawa mtandao katika matabaka 7, mfano uitwao OSI. La chini kabisa ni vitu vya kushikika. Baharini, data husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Ofisini mara nyingi ni shaba: nyaya 8 zilizosokotwa mbilimbili ili mawimbi yasiingiliane, zikiishia kwenye kile kichwa cha plastiki chenye kiulimi (kikivunjika, utakoma). Tabaka hilo likikatika, yale 6 ya juu yanakosa pa kusimama. Ndiyo maana fundi mzoefu hukagua waya kabla ya kugusa programu.