Haki ya Usawa Ilivyotoka Katika Katiba Hadi Shambani

Katika vijiji vingi swali moja hurudi kila panapozuka mgogoro wa urithi: je, binti aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake anaweza kuliuza? Wapo wanaojibu kwa mila, na wapo wanaojibu kwa sheria. Mahakama Kuu ilikwisha kulijibu mwaka 1990, na makala haya yanaeleza jinsi jibu hilo lilivyopatikana na mwananchi afanye nini haki hiyo inapoguswa.

Haki zilivyoingia katika Katiba

Katiba ya Uhuru ya mwaka 1961 haikuwa na sehemu ya haki za binadamu, wala Katiba ya Muda ya mwaka 1965. Katiba ya sasa, ya mwaka 1977, nayo ilipotungwa ilizitaja haki hizo katika utangulizi tu, na maneno ya utangulizi hayakuwa msingi wa kumshtaki mtu mahakamani.

Mwaka 1984 Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Tano ya Katiba, yakaingiza haki na wajibu muhimu ndani ya ibara zenyewe. Ibara ya 13 inatamka kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Hata hivyo, mahakama zilizuiwa kusikiliza mashauri ya haki hizo hadi Machi 1988, ili Serikali ipate muda wa kurekebisha sheria zilizopingana nazo.

Badiliko la Katiba si jambo jepesi. Kwa mujibu wa Ibara ya 98, muswada wake sharti uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa mambo kadhaa yaliyoorodheshwa, hutakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar.

Shauri la Muleba

Mnamo Agosti 1988, miezi michache baada ya mlango wa mahakama kufunguliwa, mama mmoja wa Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, aliuza shamba la ukoo kwa shilingi 300,000. Alilirithi kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo.

Mpwa wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo, akashinda. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, lakini si kuliuza. Mwanamume hakufungwa na kizuizi hicho kwa namna ile ile. Mama alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, naye akashinda. Mpwa akaenda Mahakama Kuu, Mwanza.

Februari 1990 Jaji Mwalusanya alitoa hukumu. Alisema mila inayombagua mwanamke katika kuuza ardhi inapingana na Ibara ya 13, kwa hiyo mwanamke na mwanamume wana haki sawa. Mauzo yakathibitishwa, na mpwa akapewa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei iliyolipwa. Ukoo haukunyang'anywa heshima yake. Kilichoondolewa ni ubaguzi.

Baadaye Bunge liliiweka haki hiyo katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu.

Haki yako ikiguswa

Mwenye mgogoro wa ardhi ya kijiji aanzie karibu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Lisipofaulu, lipo Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi; linasuluhisha, na usuluhishi ukishindikana linatoa uthibitisho ili shauri lipelekwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ibara ya 30 inampa mtu haki ya kufungua shauri Mahakama Kuu kutetea haki zake za kikatiba. Lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliweka sharti kwamba aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe, na awe ametumia kwanza njia nyingine zilizopo. Kwa hiyo tunza nyaraka zako zote: wosia, hati ya mauziano, hatimiliki ya kimila na mihtasari ya vikao.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada bila malipo. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Katiba ilibadilishwa na wabunge, lakini haki hii ilifika shambani kwa sababu mama mmoja mzee hakukubali kuishia Mahakama ya Mwanzo.