Ultrasaundi Inavyotambua Vinundu vya Saratani Shingoni

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, nayo hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia chakula na kuzalisha joto. Ndani yake huweza kuota vinundu. Vingi haviumi, na mtu huweza kuishi navyo miaka mingi bila kujua. Katika kila vinundu 100, takribani 7 hadi 15 huwa ni saratani. Kazi ya daktari ni kuvibaini hivyo vichache bila kumpasua asiyehitaji.

Kipimo kinachotangulia katika kuvichunguza ni ultrasaundi. Mgonjwa hulala chali, hupakwa jeli shingoni, kisha mtaalamu hupitisha juu yake kifaa kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Mawimbi hayo hugonga tezi na kurudi kama mwangwi, na kompyuta huugeuza mwangwi kuwa picha. Kipimo hiki hakiumi wala hakitumii mionzi, hivyo hata mjamzito hupimwa.

Katika picha hutazamwa mambo matano. La kwanza ni kilichomo: kinundu cha maji matupu, au chenye vitundu vingi kama sifongo, hakitii shaka, kigumu huchunguzwa zaidi. La pili ni rangi, kwa kuwa kinundu cheusi kuliko tezi inayokizunguka hushukiwa. La tatu ni umbo: kilichosimama, yaani chenye kimo kinachozidi upana, ni dalili mbaya. La nne ni kingo zilizoparaganyika au zilizovuka mpaka wa tezi. La tano ni vidoa vidogo vinavyong'aa, ambavyo huweza kuwa chembe za kalsiamu.

Mwaka 2017 Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mfumo uitwao TI-RADS, unaotoa alama kwa kila jambo kati ya hayo. Jumla ya alama hukiweka kinundu katika daraja la 1 hadi la 5. Cha daraja la 5 huchomwa sindano kikifika sentimita 1, cha daraja la 4 sentimita 1.5, na cha daraja la 3 sentimita 2.5. Vya madaraja mawili ya chini havichomwi. Sindano hiyo nyembamba, ikiongozwa na picha ya ultrasaundi, huchota seli za kupimwa maabara, kwa sababu picha peke yake haithibitishi saratani.

Kumpima kila mtu nako kuna madhara. Korea Kusini, upimaji wa watu wasio na dalili ulipoenea, waliogunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 2011 walikuwa mara 15 ya kiwango cha 1993, lakini vifo havikupungua. Wengi walifanyiwa upasuaji kwa vinundu ambavyo visingewadhuru kamwe.

Anayepaswa kwenda kupimwa bila kuchelewa ni mwenye uvimbe shingoni, sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu au shida ya kumeza, pamoja na aliyewahi kutibiwa kwa mionzi shingoni utotoni au mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani hii.